Harusi ya Miwa Juu ya Turubai

Sichori viwanda. Nilimjibu hivyo kila aliyeniuliza, na katika nyumba za wafanyakazi wa zamani wa kiwanda cha sukari cha Sumberlegi waliniuliza karibu wote. Nachora kinachobaki kiwanda kikishaondoka machoni: mstari wa kutu uliokatwa na mwanga, ukuta uliolowa miaka mpaka ukawa ramani ya nchi isiyokuwapo, weusi wa tanuri ambao hata jua la saa saba mchana halikuwahi kuuosha. Anayetaka bomba la moshi na paa na treni ya miwa aende stendi. Wapo wanaochora hayo nyuma ya malori, na wanayachora vizuri kuliko mimi.

Kiwanda kilifungwa ningali navaa kaptura ya shule. Nilipoota ndevu nikaanza kuingia kwa nyuma, penye tundu la uzio karibu na mfereji. Niliingia kama mwizi na kutoka kama mwizi, mifuko imejaa: kutu niliyoikwangua kwenye matangi, masizi ya tanuri, chokaa iliyoganda ndani ya magunia. Nyumbani nilivisaga kwenye jiwe la mama la pilipili, mpaka mama akanunua jiwe jingine na kulificha. Nilivichanganya na gundi nyeupe ya maseremala, nikapaka. Hakuna aliyenifundisha. Nilijivunia hilo, na bado najivunia.

Baba yangu, Pak Sarwoto, alipika sukari mle ndani tangu ujana wake hadi siku waliyozima mitambo. Picha zangu alizipita kama mtu anavyozipita nguo za jirani zilizoanikwa: anaziona, hazitazami. Mara moja tu alisimama akaniuliza, akiniita kama baba wa kwetu wanavyowaita watoto wao wa kiume, "Hii ni nini, Le?" Nikamwambia ni kiwanda. Akasogea, akarudi nyuma, akasogea tena, kisha akaenda kulisha ndege wake.

Mbak Niken, mwanamke wa jiji la Yogya anayechagua picha za maonyesho ya wachoraji vijana, alitufikia siku moja ya mvua. Alivua viatu mlangoni, akasimama mbele ya turubai langu kubwa nililolipigilia ukutani kutoka darini hadi sakafuni. Kisha akaniambia kwamba kingo zote ziko hai, pembe ziko hai, ila katikati pamekufa.

"Hapa, Mas Gandung, ulichoka au uliogopa?"

Nilimjibu kwamba sichoki wala siogopi. Akacheka kwa pua. Akasema kuna ukuta mmoja mkubwa ambao bado hajaugawa. Picha ikifika Jumamosi kabla ya adhuhuri ikiwa na katikati yake, ukuta ni wangu. Isipofika, au ikifika vile vile, atampa mwingine.

Baba aliyasikia yote akiwa jikoni. Ndugu yake mdogo, Lik Parno, alikuwa anatafuta mlinzi wa ghala la mbolea, na baba alikuwa ameshanisemea. Aliponikumbusha jioni ile, nilichemka. Nikasema ukuta ule nikiukosa nitavunja brashi zangu zote na kwenda kulinda mbolea mpaka ninuke mbolea. Nilisema mbele ya mama, na kwetu neno likisemwa mbele ya mama limeshakuwa kiapo.

Mbak Niken alisema kweli, na hilo ndilo lililoniuma. Katikati ya picha palikuwa ukumbi wa kukamulia, mahali pa zile rola kubwa za chuma zilizokuwa zikimeza miwa. Nilikuwa nimepapaka na kupakwangua, nikapapaka tena na kupakwangua tena, mpaka turubai likaanza kuota manyoya. Nilipaswa kurudi mle ndani nikatazame upya. Na wiki ile ile watu wa vyuma chakavu wakaingia.

Waliongozwa na Cak Rohim, Mmadura mnene asiyetoa taulo shingoni. Tundu langu la uzio walilikuta siku ya kwanza wakaliziba kwa bati. Nilikwenda getini kwa mlango wa heshima, nikaeleza shida yangu. Akanisikiliza vizuri kabisa.

"Paa linashuka, Mas. Likikushukia, mama yako nitamwambia nini? Kwamba ulikuwa unaangalia ukuta?"

Nilirudi kesho yake akaniambia hivyo hivyo. Kesho kutwa alinipa kahawa kwanza, kisha akaniambia hivyo hivyo. Nyuma yake moto wa gesi ulikuwa ukikata vyuma, na kila kipande kilichoanguka kilinipiga kifuani. Rafiki zangu waliniuliza kwa nini nisichore kutoka kwenye picha za simu, ninazo tele. Sichori kutoka kwenye simu. Simu huona kila kitu kwa uzito mmoja, na mtu wa namna hiyo hata katika maisha hana faida. Usingizi ulinipotea. Nilizunguka uzio kama mbwa aliyefungiwa nje ya nyumba yake.

Mlango ulifunguliwa na watu nisiowategemea. Kila mwaka kabla ya msimu wa kukamua, Sumberlegi ilifunga harusi ya miwa. Miwa miwili ilichaguliwa kutoka mashamba mawili, mume na mke, ikapewa majina, ikavishwa, ikaozwa, ikatembezwa kwa upatu na ngoma, kisha ikawa ya kwanza kuingia kwenye rola. Kiwanda kikishawala maharusi ndipo kilipoweza kuila miwa mingine bila kumdhuru mtu. Sasa wazee wakasema kwamba kiwanda kilichofunguliwa kwa harusi kila mwaka hakiwezi kukatwakatwa kimyakimya kama baiskeli ya wizi. Kifungiwe harusi ya mwisho, kisha kiende. Aliyelisukuma jambo hilo ni Bu Lasinem, mpambaji wa maharusi, mwanamke aliyewapamba nusu ya mama wa mtaa wetu na maharusi wa miwa wa miaka yote. Alikwenda mwenyewe kwa Cak Rohim. Mtu anayekata vyuma vya waliokwisha kuondoka haachi kuwa na hofu kidogo, naye akakubali upesi. Ijumaa Legi, siku njema kwa hesabu ya wazee, kuanzia asubuhi mpaka kabla ya swala.

Mimi nilisema wanaozesha maiti. Nililisema kwa sauti, barazani, watu wasikie.

Alhamisi alasiri Bu Lasinem alikuja kwetu na sanduku lake, akaketi sebuleni chini ya turubai langu, wanawake wakamzunguka, akaanza kuwavalisha maharusi. Bwana harusi, Bagus Rosan, alikuwa muwa mwekundu mnene wa pingili fupi. Bibi harusi, Rara Manis, alikuwa wa kijani, mwembamba, mrefu kumshinda mume. Bu Lasinem alimfunga batiki pale ambapo muwa ungekuwa na kiuno, akamshushia mashada ya asumini, akimnong'oneza asitikisike. Kisha akainua macho. Aliitazama picha yangu kutoka juu hadi chini, pini mdomoni. Akaitoa pini na kutunga pale pale, kama watungavyo wanawake wa rika lake:

"Bata kataga kichaka, mayai hakuyaona;
kachora mwaka kwa mwaka, bomba hatujaliona."

Sebule ikapasuka kwa kicheko. Damu ikanipanda. Mashairi nayo nilijifundisha mwenyewe, na katika uwanja huo sikubali kuachwa chini hata na mwanamke aliyempamba mama yangu. Nikamrudishia:

"Kipofu kashika taa, kaulaumu usiku;
picha yangu inang'aa, wala si ya kila siku."

Kicheko kikakatika. Baba aliweka chini tundu la ndege wake.

"Ulimi wako umeota kutu, Le," alisema bila kunitazama. "Nenda ukaukwangue."

Lakini Bu Lasinem alikuwa amejishika mbavu. Alicheka mpaka wanja ukamtiririka, akawaambia wenzake kwamba tangu afe marehemu mumewe hajapata wa kumjibu. Akasema mwenye ulimi kama huo ndiye atakayebeba mwavuli wa bwana harusi kesho, na asikatae, maana kila mbeba mwavuli huingia mpaka ndani, penye rola. Alipotamka "penye rola" alinikonyeza. Alikuwa anajua ninachokitaka. Sikumshukuru. Nilikwenda nikang'oa misumari ya turubai mmoja mmoja.

Asubuhi nikatoka na mwavuli wa dhahabu mkononi na turubai limeviringishwa mgongoni kama mtu anayehama. Makopo ya rangi yaligongana kiunoni kwangu, nje kabisa ya mapigo ya upatu, na mzee mmoja akaniomba nitembee kwa adabu. Watu wa Cak Rohim walikuwa wamezima gesi na kuvua kofia. Getini tukapita polepole. Miguu yangu ilitaka kukimbia.

Ukumbi wa kukamulia haukuwa ule nilioujua. Nusu ya paa ilikuwa imeondolewa, na pale ambapo siku zote palikuwa na kiza chenye vitundu, mwanga ulikuwa umeanguka sakafuni kama magunia kutoka kwenye lori. Vumbi la kutu lilikuwa likipanda ndani yake. Ukuta wa nyuma, ambao nilikuwa nimeuchora mweusi miaka yote, ulikuwa na rangi ya ndizi iliyoiva mno. Nikaona kosa langu. Nilikuwa nimepaka katikati kama shimo, na kumbe palikuwa mdomo.

Mwavuli nilimtupia mtu, sikumbuki nani. Nikalitandaza turubai pembeni, nikapiga magoti juu yake, nikaanza. Sijawahi kupaka namna ile. Mkono ulikwenda mbele ya kichwa. Nyuma yangu upatu ulisita, ngoma ikanyamaza, watu wakaanza kusemezana, nami nikafurahi kwamba kelele zimepungua.

Rola hazikuwapo. Waliongoza harusi mpaka mahali pazo wakakuta saruji tupu, boliti zilizokatwa, na grisi nyeusi ya miaka yote imetandaa. Cak Rohim alikuwa akisokota taulo lake na kueleza kwamba lori la Surabaya lilikuja Jumatano likazichukua.

"Sikujua mnazihitaji rola, Bu. Nilidhani mnahitaji ukumbi."

Mashauri yakaanza, kila mtu na lake. Mmoja alitaja gari la juisi ya miwa pale stendi, lina rola ndogo zinazozungushwa na injini ya pikipiki. Bu Lasinem akamuuliza kama binti yake mwenyewe alimwozea stendi. Mwingine akasema walazwe pale pale kwenye saruji, wapondwe kwa bomba la chuma. Bu Lasinem akaitazama ile grisi. Hata mwali wa maskini, alisema, hutandikiwa kitu. Wanawake wakaanza kufungua shuka zao za batiki, lakini chuma kingezichana, na tena, mzee mmoja akasema, miwa inapaswa kuingia kiwandani, haipaswi kuingia kwenye nguo ya mtu.

Nilisikia nyayo za baba kabla sijaona kivuli chake. Alisimama ukingoni mwa turubai, akaangalia asikanyage.

"Gandung."

Hakuniita Le.

"Nimeushika mwanga, Pak. Nipe nusu saa."

"Tunalihitaji turubai."

"La nini?"

Akanieleza kwa maneno machache, kwa sauti ya mtu anayeomba kuazima ngazi. Sikuamini masikio yangu.

"Pak, hili si mkeka."

"Najua si mkeka. Ingekuwa mkeka ningeazima kwa jirani."

"Kesho linakwenda Yogya. Unajua nikiukosa ukuta ule nakwenda wapi."

"Najua. Mimi ndiye niliyekutafutia." Akachuchumaa, tukawa uso kwa uso. "Umeingia humu miaka yote kwa tundu la uzio. Sikukuzuia. Kutu umechukua, masizi umechukua, chokaa umechukua. Kiwanda hakikukuuliza kitu. Leo watu wake wamesimama na mwali mikononi, hawana pa kumweka. Rola zimekwenda. Kilichobaki cha kiwanda hiki ni hicho ulichokipigia magoti."

Miaka yote nilitaka baba aseme kwamba picha yangu ni kiwanda. Alichagua siku ya kuniomba niiharibu.

Nililiviringisha turubai, rangi ya upande mmoja ingali mbichi, nikalibeba begani na kuelekea getini. Hakuna aliyenizuia. Nilipita katikati ya watu ninaowajua tangu kuzaliwa, wakanipisha kama wanavyompisha mtu mwenye chungu cha moto. Bu Lasinem alikuwa amemshika Rara Manis wima. Pembe ya turubai ilikuwa ikiburuta chini. Nilipofika mbele yake alisogeza mguu wake nyuma, taratibu, asiikanyage. Kisha akaendelea kumnyooshea mwali asumini.

Nikatoka. Getini jua lilikuwa kali. Nikasimama na turubai begani, hasira imenijaa na haina pa kwenda. Nilitaka mtu anizuie. Mtu akikuzuia una la kupigania, unaweza kumsukuma, unaweza kumtungia ubeti wa kumchoma mpaka kaburini. Hawa walinipisha. Mmoja wao aliuondoa mguu wake ili picha yangu isichafuke, picha ambayo jana nilimwita kipofu kwa ajili yake. Nilikwenda hatua chache kuelekea nyumbani. Nikarudi. Nikatoka tena. Mlinzi wa Cak Rohim aliniuliza kama nimepotea.

Niliporudi ndani mara ya mwisho walikuwa bado wamesimama vile vile. Nikalitupa turubai kwenye saruji na kulikunjua kwa mguu, picha ikatazama juu.

"Lakini nasukuma mimi," nikasema. "Hakuna atakayesukuma ila mimi na baba."

Bu Lasinem aliwavua maharusi, akakunja nguo zao, asumini akaiacha. Akawalaza kwa ubavu, katikati ya picha, juu ya kile nilichokuwa nimekipaka saa ile. Cak Rohim alichagua bomba zito kutoka kwenye rundo lake mwenyewe, akalifuta kwa taulo la shingoni, ncha hadi ncha. Baba akashika upande mmoja, mimi upande mwingine. Upatu ukaanza.

Muwa haukubali upesi. Mara ya kwanza bomba liliruka. Mara ya pili ganda la bwana harusi lilipasuka kwa mlio wa mfupa, na maji yakatoka, mengi kuliko nilivyofikiri, yakakimbilia kwenye rangi mbichi. Niliona katikati ya picha yangu pakisombwa. Ile rangi ya ndizi, ule mdomo, mwanga wote niliokuwa nimeushika, vilijikunja vikawa matope vikaenda zao. Nikasukuma kwa nguvu zaidi. Nilisukuma kama mtu anayetaka kumuumiza mtu, meno yameumana, machozi au jasho sijui.

"Polepole, Le," baba alisema, naye akihema. "Ni harusi, si ugomvi."

Tukaenda na kurudi mpaka ikabaki nyuzi. Bu Lasinem akainama, akachovya kidole kwenye kijito kilichokuwa kikipita katikati ya picha, akakilamba. Kila mtu akafuata, mmoja baada ya mwingine, watu wa Cak Rohim pia. Walitoka pale na kutu midomoni. Baba alichovya wa mwisho, kisha akachovya tena akaniletea kidole mdomoni kama kwa mtoto. Kilikuwa kitamu, na chini ya utamu kilikuwa na ladha ya msumari.

Mchana wote uliobaki nilipigana na turubai lile. Tulikuwa tumelilaza uani juu ya mlango wa zamani wa jiko, maana lilikuwa limelowa, haliwezi kutundikwa. Sikulipenda. Bomba lilikuwa limeacha njia pana mbili zilizopishana, nyuzi za miwa zilikuwa zimenasa kwenye gundi, petali za asumini zimebanwa zikawa kahawia, na kutoka pembe moja hadi nyingine kulipita mto wa rangi ambayo sikuwa nimewahi kuisaga kwenye jiwe lolote. Nilichanganya rangi ili nipatengeneze. Nikainama na brashi. Nikainuka. Nikazunguka uani, nikainama tena. Kila mahali nilipotaka kugusa palikuwa pameshajibiwa. Nilirusha brashi juu ya paa la choo, nikaenda kuitafuta, nikairusha tena.

Jua lilipochomoza Jumamosi sisimizi walikuwa wamefika. Walipita katikati ya picha mistari miwili, wa kwenda na wa kurudi. Niliwafagia kwa unyoya wa kuku. Wakarudi.

Jirani alileta pikapu yake. Tulikuwa tunaupakia mlango pamoja na turubai lake nilipomwona Bu Lasinem akija, amevaa blauzi ya kebaya ya sherehe, na nyuma yake wazee wa Sumberlegi kwa makundi, mashati ya batiki yamepigwa pasi, vikapu vya chakula mikononi. Nikamuuliza wanakwenda wapi.

"Kumsindikiza mwali."

Nikamwambia hakuna mwali, ni picha, inakwenda kwenye maonyesho, watu wa kule hawakualika mtu.

"Ni picha, nani kakataa?" alisema. "Na ndani yake wamo maharusi. Mmewakamua humo nyinyi wawili. Sasa mnataka kuwapeleka ugenini peke yao kama ndoo ya maziwa? Nishike mkono, nipande."

Nilimtazama baba aniokoe. Baba alikuwa anamsaidia mama kupanda. Walioenea walipanda, waliobaki wakafuata kwa pikipiki, wawili wawili. Nilikaa nyuma na turubai, nikifagia sisimizi njia nzima, na kila tuliposimama kwenye taa wenye magari walichungulia wakauliza nani anaoa. Wazee waliwajibu kwa majina kamili.

Mbak Niken alikuwa amesimama kwenye kibaraza cha nyumba ya maonyesho, simu mkononi. Adhuhuri ilikuwa karibu kuadhiniwa. Tuliushusha mlango, tukauingiza, tukauegemeza kwenye ukuta. Alikaribia, akarudi nyuma, akakaribia. Aliweka kidole katikati. Kidole kiliganda kidogo kabla ya kutoka.

"Inanata."

"Inanata," nikasema.

"Ina wadudu."

"Wamekuja nayo."

Akafuata kwa macho njia moja ya bomba mpaka ilipokutana na nyingine. "Hapa ulifanya nini?" akauliza.

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nimelitunga njiani, lina vina, lingemnyamazisha. Nilipofungua mdomo likaja jingine.

"Sikufanya mimi," nikasema, na sijui neno jingine lililowahi kunitoka kwa shida kama hilo. "Nilisukuma tu. Tulisukuma."

Hakucheka. Aliwageukia vijana waliokuwa na keekee, akawaonyesha ule ukuta mkubwa, akawaambia picha za jirani zisogezwe mbali zisije zikaliwa na sisimizi. Ukuta ukawa wangu. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Na hawa?"

Wazee walikuwa wanavua viatu kizingitini, wakivipanga jozi jozi. Bu Lasinem alitangulia.

"Sisi ni upande wa mwali," alimwambia. "Upande wenu uko wapi?"

Mbak Niken alitazama kushoto, akatazama kulia. Halafu akamwita mlinzi wa mlango, mfagizi, na vijana wale wa keekee wenye vumbi la ukuta kichwani, akawasimamisha safu moja naye mwenyewe mbele, wakawapokea wageni kwa mikono miwili. Vikapu vikafunguliwa sakafuni: wali wa manjano, kuku, wali wa kunata wa sukari guru. Mlinzi alianza kueleza kwamba humo hakuliwi. Bu Lasinem akamtia tonge mdomoni.

Baba alikuja akasimama karibu nami, mikono nyuma, akiitazama picha ikipandishwa.

"Nitampigia Lik Parno," alisema. "Atafute mtu mwingine wa mbolea."

Nikaitikia kwa kichwa. Nilitaka kukaa nao, sakafu ilikuwa baridi nzuri na mama alikuwa ameshanipakulia. Lakini dirishani, ng'ambo ya barabara, palikuwa na jumba la sinema lililofungwa, mbao zimepigiliwa mlangoni, ubavu wake umemenyeka rangi tabaka kwa tabaka, kijani chini ya waridi chini ya buluu, na mti mdogo umeota juu ya jina lake. Pembeni ubao mmoja ulikuwa umelegea. Mama aliniita mara ya pili nije nile. Nikamwambia nakuja. Mguu mmoja ulikuwa umeshavuka kizingiti.